Bustani ndogo kwenye nyumba mpya: mwongozo kwa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini

Fundi akimaliza ripu na kuondoa mbao zake, uwanja unaobaki hauko tayari kupandwa, hata kama kwa macho ni udongo mtupu. Juu umelala udongo mwekundu au wa njano uliotoka kwenye shimo la msingi na la karo la maji taka, na chini yake ndipo ulipofukiwa ule mweusi wenye rutuba. Ndani yake mna vipande vya tofali, misumari, mifuko ya saruji na sehemu zilizoshindiliwa na kenta za mchanga. Ndiyo maana miche inayopandwa mwezi ule ule wa kuhamia hudumaa, na lawama zikaenda kwa muuza mbegu.

Utaratibu tunaoupendekeza ni huu: udongo na maji kwanza, mimea baadaye. Vipimo vilivyomo humu ni vya kiwanja cha kawaida cha mita 20 kwa 30, kwa mtu anayeishi Mbeya, Iringa, Njombe, Mafinga, Tukuyu na maeneo ya jirani.

Kama ujenzi haujaanza

Kabla msingi haujachimbwa, kwangua udongo wa juu, sentimita 20 hivi, mahali pote nyumba itakapokaa, kisha uulundike kwenye kona ambayo magari hayatafika. Lundo lisizidi urefu wa mita moja na nusu, na lifunikwe kwa nyasi ili mvua isilibebe. Nyumba ya mita za mraba 150 inakupa mita za ujazo 30 za udongo mzuri ambao baadaye ungeununua kwa tripu. Kubaliana pia na fundi kwamba zege na ripu zichanganywe sehemu moja tu, na sehemu hiyo iwe pale itakapokuwa njia ya gari au pevingi.

Ukiwa umeshachelewa, usikate tamaa. Kinachofuata kinahusu hali hiyo, maana ndiyo ya wengi.

Safisha, kisha chimba uone

Okota kila kitu: misumari, waya wa nondo, vioo, vipande vya bomba. Pale palipochanganywa zege, ondoa tabaka lote gumu la kijivu, kwa kawaida sentimita 15 hadi 20, ulipeleke kwenye njia ya gari. Saruji hupandisha kalsi na kuufanya udongo uwe wa magadi. Mmea hapo hugeuka njano kwenye majani machanga huku mishipa ya jani ikibaki kijani, kwa kuwa mizizi inashindwa kuchukua madini ya chuma. Ukiwa na shaka, chukua kijiko cha udongo mkavu udondoshee siki. Ukitoa povu, bado mna saruji au chokaa.

Sasa chimba mashimo matatu yenye kina cha sentimita 40: moja mbele, moja nyuma, moja pale unapotaka mboga. Angalia ukuta wa shimo. Utaona rangi zikibadilika, na ukigonga kwa ncha ya panga utajua tabaka lililoshindiliwa liko kina gani. Jaza shimo maji, yaache yakauke, jaza tena, kisha pima yameshuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka chini ya sentimita 2, mahali hapo patatuamisha maji Januari na Februari, kwa hiyo pasipandwe parachichi kabisa. Yakishuka zaidi ya sentimita 15, udongo ni wa kichanga au wa majivu ya volkano, kama ulivyo sehemu nyingi za kuelekea Uyole na Rungwe. Hapo utahitaji samadi nyingi na kunyweshea kidogo kidogo mara kwa mara.

Udongo wa Njombe na Rungwe mara nyingi ni wa tindikali. Usimwage chokaa kwa kukisia. Peleka sampuli ipimwe, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole kwa walio karibu na Mbeya, au Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Sampuli nzuri inatoka sehemu kumi hivi za bustani, kina cha sentimita 20, zikachanganywa kwenye ndoo safi, ukatoa nusu kilo.

Tahadhari moja kuhusu udongo mweusi wa bondeni unaouzwa kwa tripu. Una rutuba kweli, wenye vinyungu (bustani za bondeni) wanalijua hilo, lakini mara nyingi unakuja na vitunguu vya ndago, na kama ulitoka kwenye shamba la viazi mviringo unaweza kukuletea mnyauko bakteria ambao hauna dawa. Ukilazimika kununua, nenda kwanza uone unapochimbwa na uulize pamekuwa pakilimwa nini. Fedha hiyo ukiitia kwenye samadi, kwa kawaida unafika mbali zaidi.

Jua la Juni

Wengi huchagua mahali pa bustani mwezi wa Desemba, mvua zikianza, na hapo ndipo wanapokosea. Mbeya iko karibu digrii 9 kusini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba, jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Katikati ya Juni, likiwa juu kabisa, ukuta wa mita 3 unatupa kivuli cha karibu mita 2 upande wa kusini, na asubuhi na jioni kivuli ni kirefu zaidi. Ukanda huo ulio nyuma ya nyumba kwa kusini utakaa na baridi na unyevu miezi yote ya kipupwe. Mboga za kiangazi ziwekwe kaskazini mwa nyumba. Kusini weka kamba za nguo, lundo la mboji, banda la kuku na maua yanayopenda kivuli.

Baridi nayo ina njia yake. Hewa baridi ni nzito. Usiku hutelemka kama maji na kutuama pa chini. Kiwanja cha mteremko chenye ukuta mzima wa fensi upande wa chini huikusanya hewa hiyo, na sakitu (baridi ya kugandisha umande) ikipiga, hapo ndipo inapounguza kwanza. Njombe, Makete na nyanda za Uporoto hili si jambo la kufikirika, huja karibu kila mwaka kati ya Juni na Agosti. Acha matundu kwenye tofali za chini za ukuta huo, au jenga upande wa chini kwa mabanzi yaliyoachiana nafasi ya sentimita 2 au 3. Nafasi hizo zinafaa hata kwa upepo: ukuta mzima huurusha upepo ukashuka kwa nguvu upande wa pili, uzio wenye mianya huupunguza kasi.

Hesabu ya maji ndiyo inayoamua ukubwa

Kuanzia Juni hadi Oktoba ni siku zipatazo 150 zisizo na mvua ya kutegemea. (Tukuyu wana nafuu, kwao manyunyu hayakatiki kabisa.) Mboga zinahitaji lita 4 hadi 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tanki la lita 5,000 likigawanywa kwa siku 150 linatoa lita 33 kwa siku, yaani mita za mraba 7 tu za mboga. Matuta sita ya mita 1 kwa 5, ambayo ndiyo bustani tunayoipanga hapa, yanakunywa lita 120 hadi 150 kwa siku. Kama bomba la mamlaka halina uhakika na huna kisima, kiangazi cha kwanza lima tuta moja au mawili, mengine yalale chini ya matandazo.

Gata zifungwe mapema. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 linatoa lita 1,000, na baada ya kinachomwagika utavuna kama 800. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachie iende, imebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Bomba la kufurikia la tanki lielekezwe kwenye mtaro, kamwe lisimwage kwenye msingi wala kwenye bustani.

Maji ya kufulia nguo yanafaa kwa migomba na maua, lakini yasirudiwe mahali pale pale kila siku, sabuni ya unga ina chumvi. Usiyamwage kwenye mboga zinazoliwa mbichi.

Kugawa kiwanja

Piga kamba na vigingi kabla ya kuchimba chochote. Masharti ni machache:

- Matuta yakae angalau sentimita 60 kutoka ukutani, na udongo usiinuliwe kuegemea ukuta. Unyevu utapanda kwenye ripu, na mchwa watapata njia ya kuingia ndani bila kuonekana.
- Kutoka kwenye karo na shimo lake la kufyonza, mboga zikae mita 3 au zaidi, miti mita 6. Juu ya karo panda ukoka tu. Jua bomba na chemba zimepita wapi; chora kwenye karatasi uitunze.
- Upana wa tuta ni mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Njia kati ya matuta sentimita 50, na moja iwe sentimita 80 kwa ajili ya toroli.
- Kwenye mteremko, matuta yakate mteremko, yasielekee chini. Upande wa juu wa matuta chimba mtaro wa sentimita 30, udongo uurushe upande wa chini uwe kingo, kisha panda nyasi za vetiva au matete juu ya kingo hiyo.

Mikaratusi ya jirani ikiwa mpakani, chimba mfereji wa kina cha sentimita 60 hadi mita 1 upande wako uikate mizizi, na urudie kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Bila hivyo utakuwa unainyweshea.

Na weka uzio wa kuku kabla ya mbegu. Mabanzi kutoka viwanda vya mbao vya Mufindi ni rahisi kupatikana, na urefu wa mita 1.2 unatosha kuku wa kienyeji wengi ukiwakata manyoya ya bawa moja. Mabanzi yanayogusa tuta la mboga yasipakwe oili chafu. Inafukuza mchwa, lakini inaingia kwenye udongo na kwenye chakula.

Kuchimba tuta la kwanza

Fanya hivi mvua za kwanza zikishalainisha ardhi, mwishoni mwa Novemba au Desemba. Udongo ujaribu kwanza: fumbata konzi, finyanga, kisha ubonyeze kwa kidole gumba. Ukivunjika, chimba. Ukinata na kung'aa, subiri siku mbili, maana ukichimba udongo wa mfinyanzi ukiwa umelowa, unatengeneza matofali.

Anza upande mmoja wa tuta. Chimba mfereji wenye upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 30, udongo wote utie kwenye toroli upeleke upande wa mwisho wa tuta. Ingia ndani ya mfereji na sururu, vunja sakafu yake sentimita 25 au 30 nyingine bila kuutoa udongo. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Sururu itakuwa inagonga na kurudi mpaka ulivunje lile tabaka lililokanyagwa na kenta, kisha ghafla itazama. Endelea mpaka sakafu yote izame hivyo. Tandika nyasi kavu au mabua ya mahindi unene wa sentimita 10, ukanyage kidogo. Chimba mfereji wa pili ulio sambamba, udongo wake uurushe juu ya nyasi za mfereji wa kwanza. Nenda hivyo hadi mwisho, kisha mwaga ule wa kwenye toroli ufunge mfereji wa mwisho. Wamatengo wa Mbinga wamelima hivi kwa vizazi vingi kwenye ngoro zao (mashimo ya kilimo cha mteremko), nyasi zikifukiwa chini ya udongo, na milima yao mikali bado inazaa.

Ukikuta mizizi ya sangari au ndago, itoe kwa mkono au kwa uma. Ukiikatakata kwa jembe, kila kipande kinaota.

Juu ya tuta la mita 1 kwa 5 mwaga debe nne za samadi iliyoiva, uichanganye kwenye sentimita 15 za juu. Samadi iliyoiva haina joto ukiingiza mkono katikati ya lundo, na haitoi harufu kali. Ya kuku tumia debe moja tu, nayo iwe imekaa miezi mitatu. Majivu ya kuni, lita moja kwa tuta, yanafaa kwenye udongo wa tindikali. Usiyaweke palipokuwa na zege, usiyachanganye na mbolea ya DAP wala ya yurea, na usitumie majivu ya nguzo au mbao zilizotiwa dawa.

Maranda na pumba za mbao zipo tele, na watu huzifukia wakidhani ni mbolea. Zikiwa mbichi zinanyonya naitrojeni yote wakati wa kuoza, na mboga hugeuka njano. Zitumie kwenye njia za katikati ya matuta, au zikae kwenye mboji mwaka mzima.

Acha tuta wiki tatu. Magugu yatachomoza, yapalilie, kisha panda. Wakati wa masika tuta liinuke sentimita 20 kuliko njia. Kiangazi fanya kinyume: matuta mbonyeo, yenye kingo pembeni, ili kila ndoo ya maji ibaki pale pale.

Nini, lini, kwa nafasi gani

Msimu wa kwanza panda mimea inayousaidia udongo. Nusu ya matuta weka maharage mafupi, mistari miwili iliyoachana sentimita 50, mbegu mbili kila sentimita 20. Ukivuna, kata mashina, acha mizizi ardhini. Eneo ambalo hutalilima mwaka huo mwagia mbegu za marejea, mmea wa kurutubisha udongo, uikate ikianza kutoa maua na kuilaza juu ya udongo.

Sukuma wiki na chainizi huvumilia udongo wa mwaka wa kwanza. Sukuma panda kwa sentimita 60 kwa 45: mistari miwili kwenye tuta, miche 22, inatosha familia ya watu sita kuchuma mara mbili au tatu kwa wiki. Spinachi sentimita 30 kwa 30. Januari na Februari mvua ikiwa kali, epuka nyanya za nje, ugonjwa wa bakajani chelewa utazimaliza kwa wiki moja.

Machi na Aprili, mvua zikielekea ukingoni, ndio wakati wa vitunguu saumu, njegere, kabichi (60 kwa 50) na karoti. Karoti isipandwe kwenye tuta lililotiwa samadi msimu huo huo wala lenye kokoto, mizizi yake hugawanyika ikawa kama vidole. Changanya mbegu na mchanga mkavu, sia kwenye mistari ya sentimita 25, funika sentimita 1 tu, weka nyasi nyepesi, na uzitoe mara miche inapochomoza. Kwenye baridi huchukua wiki mbili hadi tatu kuota. Wengi hufukua kabla. Miche ikifika sentimita 5 punguza, uache sentimita 5 hadi 7 kati ya mmoja na mwingine.

Nyanya na hoho zisiwe nje Juni na Julai. Sia kitalu mwishoni mwa Julai, mahali pa joto, kibaraza cha kaskazini kinafaa sana. Usinyweshee jioni, kinyausi hukata miche shingoni udongo ukilala na unyevu wa baridi. Hamishia nje mwishoni mwa Agosti au Septemba, sentimita 60 kwa 60, kila mche na mti wake wa kuegemea, na utavuna kabla masika hayajakolea. Palipokuwa na viazi, nyanya zisifuate.

Miche ya kabichi au nyanya ikiwa na majani ya zambarau upande wa chini, mara nyingi ni baridi inayozuia fosforasi. Kisoda kimoja cha DAP kwa shimo wakati wa kupanda, kilichofunikwa kwa udongo kisiguse mizizi, kinazuia hali hiyo. Wiki tatu baadaye kisoda kimoja cha mbolea ya CAN, sentimita 10 kutoka kwenye shina.

Miti

Kwenye kiwanja cha 20 kwa 30, parachichi mmoja unatosha, ukikaa mita 6 kutoka kwenye nyumba na karo. Chagua mche uliobebeshwa, wa aina ya Hass au Fuerte. Unaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Fuerte unastahimili baridi zaidi kidogo kuliko Hass, lakini ukiwa mdogo wowote ule huungua kwa sakitu. Ongeza mpichi au mplamu mmoja, mlimau mmoja, na pesheni kwenye uzio. Mitufaha inafaa zaidi kwenye baridi ya Makete na Njombe.

Shimo ni sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu weka kulia, wa chini kushoto. Kwenye kiwanja kilichoshindiliwa, kwaruza kuta za shimo kwa sururu na uvunje sakafu. Shimo lenye kuta laini linashika maji kama ndoo, na mizizi ya parachichi inaoza hata kabla majani hayajaonyesha. Rudisha udongo wa juu uliochanganywa na debe mbili za samadi, ule wa chini usambaze juu. Acha wiki tatu utulie, kisha panda Desemba au Januari, mche ukikaa sentimita 10 juu ya usawa wa ardhi na kiungo cha kubebeshea kikiwa juu zaidi. Matandazo yaache sentimita 10 wazi kuzunguka shina. Kiangazi mpe lita 20 kwa wiki, mara moja, kuliko lita 3 kila siku.

Usiku wa sakitu na wadudu wa mwanzo

Anga likiwa jeupe bila mawingu jioni, upepo umetulia na baridi inauma, nyweshea mapema mchana, kisha funika nyanya, viazi, maharage na mche wa parachichi kwa nyasi, viroba au shuka kuukuu lililoshikiliwa na miti lisiguse majani. Toa jua likishapanda. Kabichi, karoti na spinachi huachwa tu. Mmea ulioungua usiukate siku hiyo, subiri wiki mbili uone unapochipua.

Sota ni kiwavi anayekata miche usiku usawa wa ardhi, hasa kwenye tuta lililokuwa na majani. Asubuhi fukua sentimita 3 kuzunguka mche uliokatwa utamkuta amejikunja, muue. Mdudu kantangaze kwenye nyanya huonekana kama mabaka meupe ndani ya jani, na vishimo kwenye tunda karibu na kikonyo. Ng'oa majani hayo kila siku tatu, yafunge kwenye mfuko wa plastiki juani, yasiende kwenye mboji. Dawa ya dukani ukiitumia, soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na mwaka ukiendelea badilisha aina, maana mdudu huyu huzoea haraka.

Masika ya pili hutahitaji kuchimba mfereji tena. Debe mbili za samadi kwa tuta zinatosha, sehemu ya maharage ichukuliwe na kabichi au nyanya, na tuta jipya liongezwe tu kama tanki lilifika Novemba likiwa bado na maji.